Babu kakuachia bunduki ya leva? Soma hii kabla hujaigusa

Hii ni kwa wale ambao mzee katangulia, mirathi inafunguliwa, na huko nyuma ya kabati au ndani ya lile kasha ambalo hakuna aliyethubutu kulifungua akiwa hai, inatoka bunduki ndefu ya mbao na chuma, ina kile kipete cha chuma chini ya triga ambacho ukikivuta chini na kukirudisha juu ndo risasi inapanda. Hiyo ndo bunduki ya leva. Pwani hapa zipo zaidi ya watu wanavyodhani, maana Mombasa ndo mlango, kila mzungu wa safari, kila karani wa reli, kila afisa wa serikali ya Mwingereza alishuka hapa kwanza, na vitu vyao vingine vilibaki hapa hapa.

Mambo mawili utataka: usifungwe, na ujue ukweli wa hicho chuma. Naanza na la kufungwa, manake hilo la pili halina faida ukiwa ndani.

Huku Kenya usijitetee kwa kusema "ni ya zamani tu, ni urembo". Ukisoma huko kwenye intaneti utaona Wamarekani wanasema bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ni antiki na haina haja ya laiseni. Sawa, hiyo ni sheria yao, kule kwao. Huku tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuwa na bunduki bila cheti ni kesi nzito, na risasi hivyo hivyo, hata ikiwa ni moja imeoza kwenye droo. Usijipe wewe mwenyewe cheo cha kuamua kwamba hii ni antiki. Wanaoamua ni Bodi ya Leseni za Silaha, na wewe unafika kwao kupitia polisi.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: cheti cha babu hakirithiwi. Kadhi anaweza kugawa nyumba, shamba, dhahabu na hata thamani ya hiyo bunduki akaiweka kwenye hesabu ya mirathi, lakini ruhusa ya kuishika ni ya mtu mmoja kwa jina lake, akifa imekufa. Kwa hiyo hata kama mzee alikuwa na karatasi zote safi, siku alipozikwa hiyo bunduki ikabaki haina mwenyewe mbele ya sheria.

Sasa unafanyaje. Kwanza usiibebe. Yaani usiingize kwenye buti ya gari wala kwenye tuktuk umeifunga na leso ukavuka nayo Nyali eti unaipeleka steshen, ukisimamishwa njiani hapo utamweleza nani. Iache ilipo, funga mlango, watoto wasiingie, halafu nenda wewe na mtu mzima mwengine wa familia mpaka steshen ya karibu, mkiwa na cheti cha kifo na cheti cha silaha cha marehemu kama kipo, muombe kuonana na OCS, yaani mkuu wa steshen. Ukiwa na wakili mchukue, si lazima lakini kinywa cha wakili kina uzito wake. Waambie wazi: mzee kafariki, tumekuta hii, tunataka kuiripoti, tumeni mtu aje aichukue. Hakikisha imeandikwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na namba ya OB umeipiga picha. Wakija kuichukua dai risiti ya maandishi, iwe na jina la mtengenezaji, modeli, seriali namba na hali yake, isiandikwe tu "bunduki moja kuukuu". Risiti ya "bunduki moja kuukuu" siku ya kuirudisha unaweza kupewa bunduki yoyote kuukuu.

Kwa nini nasema usiiguse hata kidogo? Kwa sababu nyingi za hizi zina mrija mrefu chini ya mtutu, risasi zinalala humo zimefuatana moja nyuma ya nyengine, na huzioni kutoka nje. Mtu anachungulia juu anaona patupu, anasema haina kitu, anacheza na leva mara moja tu, na ile leva kazi yake ndo hiyo, inapandisha risasi na kuivuta nyundo nyuma kwa mpigo mmoja. Sasa una bunduki iliyojaa na iliyo tayari, mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kushika bunduki, ndani ya sebule. Kuitoa risasi ni kazi ya fundi wa silaha wa polisi. Wewe mwombe tu uwepo akiikagua, na ukishaambiwa kwamba ni tupu, omba ruhusa ya kupiga picha, manake hizo picha ndo utafanyia kazi yote iliyobaki.

Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Upande wa kulia mzima, upande wa kushoto mzima, juu ya mtutu kuanzia mdomoni mpaka nyuma, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye mbao nyuma ya nyundo, tumbo la riseva (kile kiwiliwili cha chuma katikati kinachobeba mitambo) yaani chini mbele ya leva, bamba la kitako, na kila mhuri hata kama ni nukta tu. Mwanga uje kwa ubavu, tochi ya simu ukiilaza, maandishi yaliyofutika yanajitokeza. Usisugue na chochote ili yaonekane.

Ngojea nikupe swali la kwanza la kujiuliza, na hili ndo linawapotosha watu wa huku kwetu kabisa: je, hii ni bunduki ya leva kweli au ni Martini? Martini-Henry ilikuwa bunduki ya jeshi la Mwingereza kuanzia 1871, na ina leva chini, kwa hiyo mtu akiiona anasema ni Winchester, ile bunduki ya leva ya Kimarekani ya kwenye sinema. Siyo. Martini inaingia risasi moja tu, ukishapiga unafungua unaweka nyengine kwa mkono. Haina mrija chini ya mtutu, haina nyundo inayoonekana nje, na leva yake ni ndefu nyembamba, inakaa nyuma ya kipete cha triga, haijaungana nacho. Winchester leva na kipete cha triga ni chuma kimoja. Ukishajua hilo huwezi kuchanganya tena hata ukiiona kwa mbali.

Kama ni Martini tazama upande wa kulia wa riseva, utakuta taji, herufi V.R. yaani Malkia Victoria, jina la kiwanda kama Enfield, mwaka, na namba ya toleo kwa Kirumi. Zile za mwanzo kaliba yake, yaani kipimo cha risasi, ni .577/450, risasi nene kama kidole gumba, na baadaye nyingine zikatiwa mtutu wa .303 zikaitwa Martini-Enfield. Kisha angalia tahajia! Mafundi wa mpakani mwa Afghanistan na ile ambayo leo ni Pakistan walinakili Martini kwa mikono, nyengine hodari kabisa, lakini fundi hakuwa anasoma Kiingereza, kwa hiyo unakuta herufi N imegeuzwa au Enfield imekosewa. Hiyo ni nakala. Usiitupe kwa hilo, ina hadithi yake nzuri tu, ila usimlipe mtu bei ya Enfield.

Haya, tuseme siyo Martini, ni ya leva kweli. Soma juu ya mtutu. Ukiona New Haven, Connecticut usirukeruke bado, manake Winchester na Marlin zote mbili zilitoka mji huo huo mmoja. Njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kuangalia ganda la risasi iliyopigwa linatokea wapi. Winchester za zamani zimefunguka juu, ganda linarukia juu. Marlin kuanzia ile ya 1889 juu kumezibwa chuma kitupu na ganda linatokea ubavuni kulia. Na kama haina nyundo kabisa, mgongo umenyooka laini, hiyo pengine ni Savage 1899, ambayo ndani risasi zinakaa kwenye gurudumu badala ya mrija.

Winchester zenyewe sasa, hapa ndo kwenye utamu. Ikiwa riseva ni ya njano kama shaba ni modeli ya 1866. Ya 1873 ina mabamba ubavuni na kifuniko kidogo cha vumbi juu kinachoteleza, na ukiigeuza chini unaona kipande cha shaba ndani. Ya 1886, 1892 na 1894 zote alibuni John Browning, na zinafanana kiasi cha kukuchanganya, kwa hiyo soma maandishi badala ya kukisia: nyuma ya nyundo, pale kwenye ulimi wa chuma, mara nyingi modeli imeandikwa. Seriali namba ya 1873 iko kwenye ulimi wa chini, huko nyuma ya leva. Ya 1892 na 1894 iko chini ya riseva upande wa mbele. Kaliba inaandikwa juu ya mtutu karibu na riseva, mfano 44 W.C.F. au 30 W.C.F., hii ya pili ndo watu wanaijua kama .30-30.

Halafu kuna ya 1895. Hii haina mrija, ina sanduku la risasi linaloning'inia mbele ya triga, kwa hiyo iliweza kutumia risasi zenye ncha kali bila hatari, manake kwenye mrija ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha risasi ya mbele na ikigongwa vibaya yalipuka humo humo. Ndo hii aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kaliba .405, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda bara. Kwa sababu hiyo kila familia yenye 1895 pwani hii itakwambia ilikuwa ya Roosevelt, na babu alipewa kwa kumbebea mizigo. Basi wapagazi wote wale wangepewa bunduki moja moja angewinda na nini yeye.

Kuhusu mwaka, modeli siyo mwaka wa kutengenezwa, hili liandike ukutani. Modeli 1894 ilianza 1894 lakini ikatengenezwa kwa miaka na miaka, zaidi ya milioni saba. Bunduki yako ya "1894" inaweza kuwa ya 1955. Seriali ndo inasema. Namba milioni moja alikabidhiwa Rais wa Marekani Calvin Coolidge 1927, milioni moja na nusu akapewa Truman 1948, milioni mbili Eisenhower 1953. Kwa hiyo ukiwa na namba ya milioni moja na laki mbili hivi ushajua iko kati ya Coolidge na Truman, na yule mjomba anayeapa ilitumika kwenye vita vya kwanza vya dunia mwache amalize chai yake kwa amani. Tazama pia kama kuna mhuri mdogo wa herufi WP ndani ya yai, huo Winchester walianza kuupiga 1905, ukiwepo kwenye mtutu basi mtutu huo hauwezi kuwa wa kabla yake. Na ukisoma Made in Italy au jina la Uberti au Rossi, hiyo ni nakala ya kisasa, ya Italia au Brazil, nzuri lakini siyo ya zama za babu wa babu.

Ukitaka karatasi ya uhakika, daftari za kiwanda cha Winchester ziko jumba la makumbusho la Cody Firearms Museum, mji wa Cody, jimbo la Wyoming. Unawaandikia, unalipa, wanakutolea barua inayosema bunduki yenye seriali hiyo ilikuwaje ilipotoka kiwandani: kaliba, aina ya mtutu, tarehe ya kuingia ghalani na ya kutoka. Lakini daftari hazifiki namba zote, za 1894 zinaishia 353,999 na za 1895 zinaishia 59,999, kwa hiyo angalia kwanza namba yako kabla ya kutuma pesa. Na usitarajie barua iseme "imepelekwa Mombasa kwa bwana fulani". Inasema imetoka ghalani, basi. Safari ya kutoka New Haven mpaka Kuze hapa Mombasa ni kazi yako kuifuatilia.

Na kuifuatilia unaanza na mihuri ambayo siyo ya kiwanda. Sheria ya Uingereza ilitaka mtutu ujaribiwe London au Birmingham kabla ya bunduki kuuzwa huko, kwa hiyo Winchester ya Kimarekani yenye vitaji vidogo na herufi kama V au NP imepitia duka la Uingereza kabla ya kufika huku. Mshale mpana wenye vidole vitatu ni alama ya mali ya serikali ya Mwingereza. Mwanzoni mwa vita vya 1914 jeshi la majini la Uingereza lilinunua karabini (bunduki fupi) za 1894 kama elfu tano hivi, kwa hiyo mshale kwenye 1894 siyo kitu cha kushangaa, ila mshale peke yake mtu yeyote mwenye patasi anaweza kuugonga, utafute na ushahidi mwengine. Jina la duka likiwa limechongwa kwenye mtutu liandike herufi kwa herufi.

Jengine la kuwekea akilini ni Mkataba wa Brussels wa 1890, ambapo mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, watu wa kawaida waachiwe zile za gumegume tu, za kizamani za kuwashwa kwa jiwe. Wenye ruhusa walikuwa serikali na wasafiri wenye kibali. Magendo yalikuwepo, bahari ni pana na majahazi ni mengi, lakini Winchester iliyotengenezwa baada ya hapo mara nyingi ilikuja na mzungu wa karatasi. Swali lako basi ni babu alikutana wapi na mzungu wa karatasi, na hilo jibu lake liko kwa wazee.

Ongea na wazee, lakini usiwaulize "hii bunduki ilitoka wapi", utapewa ile hadithi iliyokaririwa kila Idi. Mkalie bibi au shangazi, umuulize babu alikuwa akifanya kazi gani, kwa nani, mwaka gani alihamia Voi, alikuwa askari wanyama au mpishi wa safari au dereva, aliacha lini. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, muulize mwaka ule babu alifanya nini, maana kazi ya wengi ilikata ghafla na waajiri wao wengine walifunga virago wakaacha vitu. Uliza picha, uliza bahasha, uliza kipande, yaani kile kitambulisho cha kazi cha zamani. Karatasi moja ya laiseni ya miaka ya 60 yenye seriali namba ina thamani kuliko hadithi kumi za barazani. Kisha linganisha na chuma. Familia ikisema aliitwaa kwa askari wa Kijerumani vita vya kwanza, na bunduki ni Winchester, hapo pana walakini, askari wa Kijerumani huku walibeba Mauser za kufungua kwa komeo, siyo leva. Lakini usimkatize mzee akiongea. Huenda ile vita ni kweli na bunduki ni nyengine.

Kupiga? Hapana. Hata ukipata cheti. Kaliba zinafanana majina na kuua watu: kuna .303 Savage na kuna .303 ya Mwingereza iliyojaa Kenya nzima, ni risasi mbili tofauti kabisa, hazibadilishani. Na bunduki za mwanzo chuma chake kilitengenezewa baruti nyeusi, siyo baruti ya kisasa yenye nguvu, ndo maana baadhi ya 1894 waliandika kabisa kwenye mtutu kwamba huu ni wa chuma cha nikeli kwa ajili ya baruti isiyo na moshi. Kabla ya fundi mwenye leseni kuipima ndani nje, hiyo ni kitu cha kutazama.

Sasa kuitunza, kama umepewa ruhusa ya kukaa nayo au ya kuihudumia ilipo. Adui yako ni hewa yetu hii, chumvi na joto na unyevu, chuma kinaanza kutoa kutu ukikitazama tu. Usiisugue kwa msasa, usitie Brasso, usimpe fundi wa bodi ya gari aipige rangi nyeusi ing'ae. Ile rangi ya kahawia ya uzee ndo pesa yake na ndo ushahidi wake, ukiitoa umefuta barua. Pangusa na kitambaa cha pamba kilicholoa kidogo mafuta mepesi, ya cherehani yanafaa, usitumie ya nazi yanachacha na kuganda. Shika na glavu, jasho la vidole ni chumvi tupu. Mbao usizipige vanishi. Na usiiweke ndani ya ala ya ngozi hata kama ni ile ile ya zamani, ngozi inavuta maji na kula chuma, ziweke mbali mbali. Ukikwama, Fort Jesus pana maabara ya kuhifadhi vitu vya kale, wale wamehangaika na mbao na vyuma vilivyotolewa kwenye jahazi la Kireno lililozama pale mbele ya ngome 1697, kutu ya chumvi wanaijua. Nenda na picha zako tu. Usiende na bunduki, tafadhali.

Picha zenyewe usizirushe ovyo. Kwenye magrupu ya familia ziba tarakimu za mwisho za seriali, na usiseme iko nyumba gani. Akija mtu wa vitu vya kale Mji wa Kale anakwambia nipe keshi leo leo, bila karatasi, huyo anakuuzia kesi. Kuuza ni kwa muuzaji mwenye leseni na kwa anayeruhusiwa kununua.

Na kama hakuna mtu kwenye familia anayetaka habari za cheti na ukaguzi, si dhambi, ikabidhini serikali moja kwa moja, au ulizeni kama makumbusho wataipokea kupitia polisi. Ila kabla ya siku hiyo maliza kwanza picha, barua ya Cody kama namba inaruhusu, na sauti ya bibi kwenye simu, uviweke vyote faili moja na nakala kwa ndugu mwengine, na risiti ya makabidhiano iwe na seriali ile ile iliyoko kwenye OB ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu.